Kikombe cha Yai si Uzungu

Wiki mbili zilizopita nilisoma hadithi yangu mbele ya wenzangu wa kikundi cha waandishi. Ndani yake kuna mzee wa Tanga ambaye kila asubuhi anakula yai lililochemshwa nusu. Limesimama kwenye kikombe chake cha yai, naye analichota kwa kijiko cha chai. Sijafika aya ya tatu nikakatizwa. "Kaka, hapo umetuangusha. Mswahili gani anakula yai hivyo? Huo ni uzungu, utoe." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akashauri nimpe mzee muhogo na chai ya rangi, "ili awe wetu."

Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi.

Kwanza niwape haki yao. Yai lililoiva kabisa halihitaji kikombe cha aina yoyote. Lile la stendi, ambalo kijana anakumenyea, analipasua katikati na kukujazia kachumbari na pilipili, ni la mkononi, na halina haja ya kubadilishwa. Anayelisimamisha yai gumu kwenye kikombe anaringa tu. Na wale wenye seti ya vikombe sita vilivyofungiwa kabatini tangu siku ya harusi, hao nao tuwaache na kabati lao.

Yai la nusu ni habari nyingine. Ute huanza kuganda joto likipita kidogo nyuzi 60, na kiini hushikana likikaribia 70. Anayelichemsha anawinda ule upenyo: ute ushike, kiini kibaki kikitiririka. Sasa ukishalipata, utalila vipi? Ukilishika linakuunguza. Ukilimenya linapasukia vidoleni. Ukiliweka kwenye sahani linabiringika, na ukilikata ncha kiini chote kinamwagika. Kikombe kina kazi moja tu, kulisimamisha yai mpaka uishe kulila. (Najua daktari atasema wajawazito, watoto wadogo na wazee wajihadhari na yai bichi. Ana haki. Lakini huo ni ugomvi wa daktari, si wa mhariri wa hadithi.)

Uzungu huu wenzangu wameutoa wapi? Nadhani wameutoa vitabuni, na hapo siwalaumu sana. Ian Fleming, kwenye From Russia, with Love ya mwaka 1957, anatuchosha na kifungua kinywa cha James Bond: yai la kuku wa Marans wa Kifaransa, limechemshwa dakika tatu na theluthi, kwenye kikombe cha buluu iliyokolea chenye pete ya dhahabu ukingoni. Hapo ni kweli kikombe hakisimamishi yai, kinamsimamisha Bond. Tunaambiwa huyu bwana ana chaguo, ana pesa, ana mtu wa kumpikia. Jane Austen alikuwa mjanja zaidi. Bwana Woodhouse wa Emma anawasifia wageni wake yai laini na mpishi aliyelichemsha, nasi tunacheka kwa sababu mzee huyo anaogopa kila chakula kingine mezani.

Halafu yuko Swift. Wasomaji wa Safari za Gulliver, za mwaka 1726, wanaikumbuka Lilliput. Mtoto wa mfalme alijikata kidole akivunja yai upande mnene, baba yake akatoa amri nchi nzima ivunje upande mwembamba. Maasi sita yakatokea. Mfalme mmoja akapoteza roho na mwingine taji. Watu elfu kumi na moja wakakubali kufa kuliko kugeuza yai. Swift alikuwa akiwasema Wakristo wa Ulaya na vita vyao vya madhehebu, lakini mimi Jumamosi ile nilijiona nimekaa barazani Lilliput hasa. Eti kuna namna ya Kiswahili ya kula yai, na kikundi ndicho kinachotoa amri!

Sasa nimtaje huyo mzee. Ni babu yangu, nimembadilisha jina tu. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge nje ya Tanga. Hakuwa na saa. Yai alilipima kwa kusoma Kulhuwallahu kimoyomoyo, kwa idadi aliyoijua mwenyewe. Familia ile ilipopanda Lushoto kukimbia joto, idadi aliiongeza, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na yai huchelewa. Hilo hakulisoma popote. Alilijua kwa kurudishiwa yai jikoni.

Yule bwana alipofunga virago miaka ya sitini, alimwachia sanduku la vyombo vilivyopasuka. Kimojawapo kilikuwa kikombe cha yai kilichomeguka ukingo. Bibi alikitwaa akakitilia vifungo na sindano. Miaka mingi baadaye, meno ya babu yalipokwisha, alimwaga vifungo, akakiosha, akajichemshia yai lake mwenyewe. Kilipokuja kuvunjika kabisa alitumia kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akitia mchele kidogo chini ili yai lisizame. Lilisimama vilevile.

Hayo ndiyo niliyoambiwa niyafute nimpe muhogo. Nawauliza wenzangu: vikombe vile vya kizungu vilikuwa vikioshwa na nani? Nani alivipanga mezani, akavihesabu jioni, akakatwa mshahara kimoja kikianguka? Wapishi, madobi na mayaya walikuwa Waswahili, na wengi wao walivijua vyombo hivyo kuliko waliovinunua. Mkisema mikono yao haikuvigusa ili hadithi ipendeze, mnawafuta mara ya pili. Mara ya kwanza walifutwa na mabwana, ambao kwenye vitabu vyao yai linatokea tu mezani likiwa limeiva sawasawa.

Hadithi naipeleka kwa mhariri wiki hii. Mzee anabaki na yai lake, na kikombe kimemeguka ukingo kama kilivyokuwa. Muhogo nitampa mchana, nao utabidi upondwe, kwa sababu meno hana.