Kombe ni la siku moja, ligi ni ya mwaka mzima: niliyoyasikia Kakuma

Kazi ilinifikisha Kakuma, na kama ilivyo desturi yetu watu wa Pwani, jioni ya kwanza nikauliza mpira unatazamwa wapi. Nikaelekezwa kwenye kibanda cha mabati huko Kakuma 1: mabenchi ya mbao, runinga mbili, umeme wa sola, na joto la kumfanya mtu wa Mombasa aone kwao kuna baridi. Mechi ilikuwa haijaanza, lakini ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Swali lilikuwa hili: lipi bora, timu yako ibebe kombe huku ikivurunda ligini, au imalize ligi katika nafasi ya pili na kabati libaki tupu?

Aliyelizusha ni kijana wa Kiturkana, shabiki wa Tottenham. Mei 21, 2025, timu yake iliifunga Manchester United 1-0 mjini Bilbao na kutwaa Europa League, taji lake la kwanza tangu 2008. "Nimengoja tangu niko darasa la kwanza," alisema. Aliyemjibu alikuwa kijana wa Sudan Kusini mwenye jezi ya Arsenal. Akamkumbusha kwamba Spurs hiyo hiyo ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa ya 17, nafasi moja tu juu ya shimo la kushushwa daraja, na kocha Ange Postecoglou akafutwa kazi siku 16 baada ya fainali. "Kombe gani hilo linalomfukuzisha kocha?" Mwenzake akamrudi papo hapo: na nyinyi mmekuwa wa pili misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Mlipewa nini?

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kikongo ambaye kila mtu pale alimwita Papa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ligi ni ya batajiri. Kombe njo yetu."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mimi nilicheka pia, lakini kauli hiyo nililala nayo.

Kwa hesabu ya mpira, Papa hakukosea. Ligi ya Uingereza ni mechi 38 na ya Kenya ni mechi 34. Katika safari ndefu kiasi hicho, mwenye kikosi kipana, daktari wa timu, basi zuri na mishahara inayolipwa kwa wakati ndiye hufika mbele. Mnyonge anaweza kumfunga tajiri leo, lakini hawezi kumfunga wiki baada ya wiki. Kombe ni jambo jingine. Ni dakika 90, pengine na penalti, na siku hiyo refa hakuulizi una pesa ngapi benki.

Mfano mkubwa ni Wigan Athletic. Mei 11, 2013, waliifunga Manchester City 1-0 katika fainali ya Kombe la FA kwa kichwa cha Ben Watson dakika za majeruhi. Siku tatu baadaye wakachapwa 4-1 na Arsenal na kushushwa daraja. Wiki moja walicheka na kulia.

Na hapa kwetu Kenya tumejionea. Juni 2025, Nairobi United, timu iliyotoka ligi ya daraja la pili, iliipiga Gor Mahia 2-1 katika fainali ya Kombe la FKF. Bingwa wa kombe hilo huiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la CAF. Basi vijana hao wakasafiri, wakaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa penalti, na kuingia hatua ya makundi. Kwa njia ya ligi peke yake, hilo lingewachukua miaka mingi, kama lingetokea kabisa.

Kwa hiyo nilidhani ubishi umekwisha na Papa ameshinda. Asubuhi yake nikabadili mawazo.

Nilipita kwenye uwanja wa vumbi ambapo vijana walikuwa wakifanya mazoezi kabla jua halijawa kali. Wengine walikuwa na njumu, wengine ndala, wengine miguu mitupu. Nikamwuliza kocha wao swali la jana. Akatabasamu, kisha akaniambia kwamba kwake yeye si swali la Arsenal na Tottenham. Makombe, alisema, huja. Karibu na Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, mfadhili huleta mashindano ya siku mbili au tatu. Kuna jezi mpya, kuna maji ya chupa, kuna kikombe kinachometameta, kuna mpiga picha. Kisha gari huondoka. Ligi yao wenyewe, ile ya kila mwishoni mwa wiki, huanza kwa michango na hukatika njiani kwa sababu mpira umetoboka, au refa hakupewa nauli, au timu mbili zimehama na wachezaji wake.

"Nina vikombe vinne nyumbani," alisema. "Sina mpira."

Msomaji, maneno hayo hayahusu soka tu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, leo ina takriban watu 300,000. Kuna watu waliozaliwa hapo, wakaoa hapo, na sasa watoto wao wanasoma hapo. Lakini maisha yao huendeshwa kwa bajeti inayopangwa mbali na wao, na hupangwa kwa muda mfupi. Mwaka wa 2025, misaada kutoka nje ilipopunguzwa, Marekani ikiwa mbele, mgao wa chakula ulikatwa hadi watu wakaandamana. Ilipofika Agosti, wakimbizi wakagawanywa katika makundi manne kulingana na uhitaji wao, na kundi la nne likaachwa lijitegemee. Neno "bamba chakula", ambalo ni jina la pesa za chakula zinazotumwa kwa simu, nililisikia kibandani likitajwa mara nyingi kuliko jina la mchezaji yeyote.

Mtu anayeishi hivyo, ukimwuliza achague kati ya furaha ya leo na subira ya miezi tisa, atachagua leo. Si kwamba hana akili ya kupanga. Subira ni mali ya mtu anayejua kwamba kesho ipo na kwamba aliyeahidi atakuwepo. Papa aliposema kombe ndilo lao, nadhani alikuwa akieleza maisha yake: chukua unachopata siku kinapopita, kwani hujui kama kitarudi.

Lakini vijana hawakuzwi kwa namna hiyo. Mchukulie Awer Mabil, ambaye jina lake kila mtoto wa Kakuma analijua. Alizaliwa kambini mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini, akaenda Australia mwaka 2006. Juni 13, 2022, huko Qatar, Australia na Peru walifika kwenye penalti kuamua nani ataingia Kombe la Dunia. Mabil akaipiga penalti ya sita ya Australia, ikaingia. Kipa akaokoa iliyofuata ya Peru, na Australia ikafuzu. Kakuma husimulia penalti ile kama sisi tunavyosimulia hadithi za nahodha aliyevuka dhoruba.

Ile ilikuwa siku ya kombe, ndiyo. Lakini mguu ule ulitengenezwa wapi? Kipaji alikitoa Kakuma, akicheza kwenye vumbi hili hili. Kilichofuata ni miaka ya mechi za kila wiki, kwanza za vijana huko Adelaide, kisha za wakubwa pamoja na Adelaide United, kisha huko Denmark na Midtjylland. Palikuwa na kocha aliyemjua jina, ratiba isiyovunjika, na timu iliyomngoja Jumamosi ijayo hata alipocheza vibaya Jumamosi hii. Mtoto aliyecheza mashindano ya siku mbili mara moja kwa mwaka, akikosea pasi tatu, ndio basi, hana tena nafasi ya kujirekebisha. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo ligi.

Sisi huku Pwani tusidhani haya ni ya Turkana peke yao. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka kambi za Utange na Benadir zilizowapokea ndugu zetu waliokimbia vita vya Somalia. Zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990, baadhi ya watu wake walihamishiwa huko huko Kakuma. Undugu upo. Na ugonjwa wa makombe, pia, tunao.

Angalia historia yetu. Timu ya mwisho ya Pwani kutwaa ubingwa wa ligi ya Kenya ni Feisal ya Mombasa, mwaka 1965. Ni takriban miaka 60 sasa. Bandari wametupa furaha ya kombe, na hakuna atakayewanyima sifa: walilibeba mwaka 2015, wakalibeba tena 2019 kwa kuwafunga Kariobangi Sharks, na likawapeleka Afrika. Mwaka huo wa 2019 waliipiga pia Simba ya Tanzania katika SportPesa Super Cup. Lakini ligini wakafika nafasi ya pili mwaka 2018, na ya pili tena 2018/19, nyuma ya Gor Mahia mara zote mbili, na hapo ndipo tulipoishia. Tuliwashangilia kwa kombe, na haki yao. Ila maswali ya ligi tuliyauliza wangapi? Nani analea vijana wa Likoni, Kisauni na Ukunda kati ya Januari na Desemba, ili miaka mitano baadaye pawe na kikosi cha mechi 34?

Mashinani ndiko hali ilivyo mbaya zaidi. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na kila mwenye macho anaona dalili zake: makombe yameanza kuchipuka. Kombe la mheshimiwa huyu, kombe la mheshimiwa yule. Timu 16, wikendi mbili, seti moja ya jezi yenye sura ya mtu kifuani, hotuba, na zawadi inayogawanywa kwa ugomvi. Kisha uwanja hurudi kuwa malisho ya mbuzi hadi miaka mitano ipite. Vijana wetu nao, kama yule kocha, wana vikombe lakini hawana mpira.

Sisemi makombe yafutwe. Mtoto anahitaji sherehe, na mtaa unahitaji siku ya kupiga vigelegele. Ninachosema ni kwamba mashabiki tuliozoea kubishana juu ya timu za Uingereza tuuhamishe ubishi huo hadi kwenye viwanja vyetu, kwa kuwa huko sauti yetu ina nguvu. Mtu akija na kombe, tumwulize: na ligi? Gharama ya fainali moja yenye hema, vipaza sauti na chakula cha wageni inaweza kununua mipira, chaki ya mistari na nauli za marefa kwa msimu mzima wa ligi ndogo ya mtaa. Akitaka jina lake liandikwe, na liandikwe kwenye ratiba ya ligi, litasomwa kila wiki.

Kakuma nayo ina kipimo chake. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Ni maneno mazuri. Mimi nitayapima kwa ligi. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na mkimbizi hutakiwa kuwa na kibali ili atoke nje ya eneo alilopangiwa. Timu inayocheza kombe la ndani ya kambi haihitaji kwenda popote. Timu ya ligi ya kaunti lazima isafiri, wiki hii nyumbani, wiki ijayo ugenini. Siku vijana wa Kakuma, mkimbizi na Mturkana katika jezi moja, watakapopanda gari kwenda kucheza Lodwar na kurudi jioni bila mtu kuona ajabu, hapo nitaamini kwamba mpango umetoka kwenye karatasi.

Usiku wa mwisho nilirudi kibandani. Mechi ilikuwa ya ligi, isiyo na uzito, na watu walikuwa wachache. Papa alikuwepo. Nikamwambia, "Papa, lile neno lako nimelifikiria sana. Ligi nayo ingekuwa yenu, mngeikataa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema hakuna anayekataa ligi. Ni kwamba hajawahi kuja mtu kuwaletea ligi na akabaki hadi mechi ya mwisho.