Pumu ya watoto wetu imejificha ndani ya neno "kifua"

Masika yakishika hapa Pwani, hurudi na neno tulilolizoea: mtoto ana kifua. Mwalimu wa darasa huambiwa hivyo asubuhi, ustadhi wa chuo huambiwa hivyo jioni, na daktari naye hana cha ziada anachoelezwa. Neno hilo moja hubeba mafua, nimonia, kifua kikuu na pumu, na kati ya hayo manne pumu ndiyo hupotea kirahisi.

Hupotea hivi. Mtoto anapumua mbio na kukohoa, anaonekana ana nimonia, anaandikiwa antibiotiki. Baada ya siku chache kifua kinafunguka, kwa kuwa pumu mara nyingi hubana na kuachia, na mama anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata yuko kwenye foleni tena. Dalili kubwa ni huko kurudi kwenyewe: kikohozi cha usiku na alfajiri, kifua kinacholia kama mluzi, mtoto anayeshika magoti wenzake wakiendelea na mbio, halafu kesho yake ni mzima kabisa. Wengi huitwa wavivu. Daktari anayemwona kwa dakika 5 hawezi kuyajua hayo asipouliza, au mzazi asiposema.

Tatizo la jina si letu peke yetu. Watafiti wa ISAAC, uchunguzi wa kimataifa wa pumu na mzio kwa watoto ulioanza miaka ya 1990, waliona kwamba sauti hiyo ya kifua haina neno moja katika kila lugha. Wakatengeneza video ya watu wanaobanwa, wakawaonyesha wanafunzi wa miaka 13 na 14 na kuwauliza kama nao hupumua vile. Kenya vituo vyao vilikuwa Nairobi na Eldoret. Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 1998 katika jarida la Thorax, uliwakimbiza watoto wa shule kisha ukapima nguvu ya pumzi zao. Nairobi takriban asilimia 23 pumzi zilishuka kwa kiwango cha kutia shaka. Mashambani Murang'a, asilimia 13. Si wote hao wana pumu, lakini ni wengi mno kupuuzwa.

Takwimu hizo ni za bara, na hewa yetu si ya bara. Unyevu wa Pwani huzalisha ukungu ukutani na vijidudu vya vumbi magodoroni. Usiku tunachoma dawa ya mbu, Ijumaa udi na ubani (najua nagusa pabaya), na upande wa Changamwe malori ya bandari hayaishi kutoa moshi. Mtoto akitoka shule huenda chuoni, akaketi kwenye mkeka wenye vumbi hadi jioni.

Kuthibitisha pumu hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mtoto hupuliza kipimo, huvuta dawa ya kufungua kifua, hungoja dakika 15, hupuliza tena. Pumzi ikiongezeka sana, jibu linaanza kuonekana. Hata chombo cha kumsaidia mdogo kuvuta inhela si lazima kinunuliwe: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri, hufanya kazi hiyo. Kigumu ni hofu. Wazazi wengi husema inhela humzoesha mtoto, wakati linaloua ni shambulio lisilotibiwa. Na ile ya buluu peke yake haitoshi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA unasema mwenye miaka 12 na zaidi asitegemee hiyo tu, apate pia dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu.

Kiserikali, mtoto huyu yuko katikati. Tangu ugatuzi wa 2013 zahanati ni ya kaunti, na shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mwalimu hana agizo la kumwandika, muuguzi hana sababu ya kwenda shuleni.

Kila mwaka kabla ya Julai kaunti hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Atakayefika aulize swali moja: zahanati ya mtaa wetu ina kipimo cha kupuliza na inhela ya kuzuia, au mna ile ya buluu tu, na hiyo nayo huisha mwezi gani?