Kicheko Si Dalili ya Kupona

Je, msomaji, ndugu yako akitoka kutibiwa maradhi ya akili huku akifanya mzaha, utasema amepona? Tazama This Way Up, tamthilia iliyoonyeshwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2019 na 2021. Aine, mwalimu wa Kiingereza jijini London, ametoka kituo cha matibabu. Huchekesha kila mtu, lakini akibaki peke yake upweke humlemea. Anayemchunga ni dada yake mkubwa, Shona, ambaye si daktari (nani kwetu ana daktari nyumbani?) na ana kazi na hofu zake mwenyewe. Basi mgonjwa akikujibu kwa utani, cheka naye, kisha umuulize hali tena. Na yule dada je, umemuuliza?