Utabiri wa Ajira Usituchagulie Kozi

Nimechoka kuambiwa fasihi haina soko. Kila msimu wa kuchagua kozi inazunguka orodha ya "kazi za kesho", na mtoto anayependa riwaya anasukumwa kwenye kompyuta. Haya, nani amewahi kurudi kuikagua orodha ya zamani?

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa wa akili bandia, alisema tuache kufundisha madaktari wa radiolojia. Ndani ya miaka 5, labda 10, mashine ingewapita. Hospitali bado zinawatafuta. Aliyeiacha fani hiyo kwa kumsikiliza, amdai nani?

Na utabiri hata ukiwa sahihi una mtego. Mwaka 1976 Richard Freeman aliuonyesha kwa wahandisi wa Marekani: mishahara ikipanda vijana wanajazana vyuoni, wakihitimu kwa mpigo mishahara inashuka, wadogo zao wanakimbia fani, halafu uhaba unarudi palepale. Orodha inahesabu nafasi, foleni haiioni. Na digrii ni miaka bwana, siyo wiki.

Takwimu someni, sikatai. Ila anayetaka kumnyima mtoto fasihi kwa ajili ya soko la 2035, alete kwanza orodha yake ya 2015 tuisome pamoja.