MAJI YA NUNGWI NI YA NANI?

Ndugu wanachama wa Temeke na Kinondoni, msiseme mambo ya Unguja hayatuhusu. Vijana wetu ndio wapandao boti kwenda kutandika vitanda vya wageni huko.

Mwaka 2024 Zanzibar iliingiza wageni 736,755, na sensa ya 2022 ilihesabu wenyeji 1,889,773. Twaambiwa hiyo ni neema. Haya, lakini neema hiyo yanywa maji! Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa hesabu ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba nzima ya mwenyeji ilitumia lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Chumba kimoja! Na wakati huo wageni hawakufika 200,000 kwa mwaka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma. Basi mwenye hoteli, hata awe tajiri namna gani, ni mpangaji tu. Tangu lini mpangaji akamaliza maji ya kisima, mwenye nyumba akabaki na ndoo tupu?

Hatusemi wageni wafukuzwe. Twasema kila mkataba wa pwani uandikwe: maji ya kijiji kwanza, bustani ya hoteli baadaye. Mita ifungwe, na hesabu yake isomwe kijijini hadharani. Nanyi wa Temeke, katika mkutano wa tawi ulizeni swali hili hili juu ya pwani ya Kigamboni.