KIONGOZI WA MATEMBEZI ATOKE KIJIJINI

Mwaka 1858 Mwingereza John Speke, ambaye msafara wake ulianzia Unguja, alitoka Tabora kwa miguu akafika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Vitabu vinamsifu yeye. Wapagazi waliobeba mizigo, na wenyeji walioijua njia, hawatajwi.

Ndugu zetu wa Visiwani wakitaka kuja kutembea mwisho wa juma katika nchi hiyo hiyo, sisi tunawakaribisha kwa mikono miwili. Lakini viongozi wa wilaya wasirudie kosa lile. Ukishaiacha Kolandoto, mahali pengi panapoonekana pori tupu si pori tupu. Ni ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Kabla ya mpango wa HASHI kuanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imebaki vumbi. Nyasi hizo zina wenyewe, tena zina sheria. Kundi la wageni likipita humo kwa njia ya mkato, atakayeulizwa kesho yake ni mchungaji.

Kwa hiyo kiongozi wa matembezi achaguliwe na mkutano wa kijiji, naye alipwe kabla wageni hawajapanda basi. Habari za "tutakuletea" tumekwisha kuzisikia mno.