KOSA LA KWANZA

Hapana mzazi katika nchi hii asiyeyachukia madawa ya kulevya. Heroini imewaharibu vijana wetu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Imewafanya akina mama wafiche hata sufuria zao ndani ya nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo Bunge lilipotunga Sheria Namba 5 ya mwaka 2015, na kuitia makali zaidi mwaka 2017, lilisema yaliyomo mioyoni mwa wananchi. Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaotaka vita hii ilegezwe.

Hata hivyo, panga kali lataka mkono wenye kuchagua pa kukata. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu aliyefanya biashara ya heroini ya gramu 200 au pungufu, na kifungo cha maisha kwa aliyezidisha hapo. Tena biashara hiyo imepewa maana pana: kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kuchukua, hata kuwa nayo tu. Ni kweli kwamba mtumiaji aliyekutwa na kiasi kidogo kwa haja yake mwenyewe ametengewa kifungu chake, chenye adhabu nyepesi. Lakini yuko mwingine katikati, naye ndiye tunayemsemea leo.

Huyu ni kijana asiyewahi kusimama kizimbani, aliyepewa kifurushi kisichofika robo kilo ya sukari, akaahidiwa nauli na fedha kidogo. Mali si yake, na faida si yake. Akiwa na umri wa miaka 20, akakitumikia kifungo chote cha miaka 30, atatoka na miaka 50, wazazi wake wamekwisha kufa na hajui kazi yoyote. Aliyemtuma atakuwa amekwisha kumpata mchukuzi mwingine kabla ya juma kupita.

Watu watatuambia kwamba tukimhurumia mkosaji wa mara ya kwanza, matajiri wa biashara hii watazidi kuwatumia vijana wasio na doa. Hoja hii ni ya haki, nasi hatuidharau. Lakini tujiulize: leo wanawatumia akina nani? Wanawatumia hao hao, kwa sababu kijana asiyejulikana na polisi hupita kwa urahisi. Miaka 30 ya mchukuzi haimgharimu tajiri hata senti moja. Tena, kijana anayejua kwamba atafungwa miaka hiyo hiyo akisema au akinyamaza, atasema kwa faida gani? Atanyamaza, na siri ya mwenye mali itaingia gerezani pamoja naye.

Liko jambo jingine. Adhabu ikiwa kubwa kupita kiasi, bei ya rushwa nayo hupanda. Mwenye fedha hujikomboa njiani kabla ya kufika mahakamani. Asiye nacho ndiye anayefika mbele ya hakimu.

Na wala hatuombi jambo geni. Tanganyika huru ilipotunga sheria ya adhabu za chini mwaka 1963, ilikuwa kali kweli kweli. Mla rushwa na mwizi wa mali ya umma walipewa miaka miwili gerezani na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Juu ya ukali huo wote, sheria ile iliacha mlango mwembamba: kama mkosaji ni wa mara ya kwanza, kama mali haizidi shilingi 100, na kama pana sababu za pekee, hakimu aliruhusiwa kumpunguzia adhabu. Waasisi wetu hawakuwa walegevu kwa wezi. Walijua tu kwamba hakimu amewekwa ili apime, na asiyeruhusiwa kupima amegeuzwa kuwa karani wa kuandika miaka.

Mlango wa namna hiyo ndio tunaouomba katika sheria ya madawa ya kulevya. Uwe mwembamba: mzigo uwe mdogo, mkosaji awe hana hatia ya nyuma, naye awe amewaeleza wapelelezi ukweli wote juu ya aliyemtuma. Huyo hakimu ampe miaka michache, na akiwa mtumwa wa dawa hizo, atibiwe. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imewatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, nasi twajua kwamba mtu huweza kurudi. Mwenye mali akikamatwa, na apate adhabu yote iliyoandikwa, wala asipunguziwe hata siku moja.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Gereza la miaka 30 halimkunji kijana, lamkausha. Waheshimiwa Wabunge, sheria hii ni kazi ya mikono yenu, na mlango huo ni ninyi mnaoweza kuufungua.